Hesabu ya Mbaazi

Zamu yangu ya upatu imeangukia Jumatano.
Laki mbili na nusu, zimefungwa pindoni mwa kanga,
na dukani, Ngamiani, Barabara ya Saba,
jiko la presha la umeme linanitazama
kwa jicho lake jekundu.
Laki mbili na arobaini. Muuzaji ameapa hapunguzi hata mia,
kisha akanitupia mwiko wa plastiki, eti zawadi.

Tangu hapo nalala na hesabu.

Mbaazi za nazi, kilo mbili kila alfajiri:
mkaa kopo zima, elfu mbili taslimu.
Nimeandika nyuma ya daftari la Tunu,
nimefuta, nimeandika tena.

Bi Mwanahija wa ukuta wa pili analo,
kaletewa na mwanawe wa Maskati.
Amelifunika kitambaa cha kufuma juu ya kabati,
kama mgeni asiyejua Kiswahili.
Nikaliazima usiku mmoja, kwa masharti saba.

Kabla ya kuchomeka nikasoma mita:
thelathini na nane nukta mbili.
Nikatia mbaazi zilizolala majini, nikatia chumvi,
kifuniko kikasema ta!
nikarudi nyuma hatua tatu, shahada mdomoni,
maana Makorora wanasema lilitoboa dari la mtu.
Halikutoboa kitu. Lilinuna tu, likaanza kuhesabu.

Saa kumi usiku.
Saa hizi huwa napuliza, nakohoa,
naita, "Tunu! Njoo upepee!"
naye hutoka macho yamefumba, kifuniko cha ndoo mkononi,
apepee mpaka makaa yaseme ndiyo,
kisha aende shule akinuka jikoni.
Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Anasinzia.
Sikumjibu. Ningejibu nini?

Usiku ule sikumwita.
Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, mikono mapajani,
mikono haijui pa kwenda.
Ukutani kwa ndani mtoto anakoroma,
mkoromo mnene, wa mtu mwenye nyumba yake.

Dakika arobaini. Mbaazi zimeiva hadi moyo.
Mita: thelathini na saba nukta nane.
Hata mia mbili haifiki!
Nikarudia kusoma kwa tochi ya simu,
nikidhani mita imenionea haya.

Mama mkwe akaletewa bakuli. Akanusa, akatamka:
"Chakula kisicho moshi, hakina roho mwanangu,
ukinipa sikibishi, nitakula kwa uchungu."
Akala kwa uchungu bakuli mbili,
ya tatu akaifunika ya mchana.

Basi ningenunua siku ileile. Lakini yupo Shemdoe wa mkaa.
Mwaka ule mume wangu alipolazwa Bombo
Shemdoe alinikopesha wiki tatu,
deni akiliandika mlangoni pake
kwa kipande cha mkaa huohuo.
LUKU haiandiki mlangoni kwa mtu.
Ikiisha imeisha, na giza halina jina la kuliomba.
Halafu siku umeme ukikatika saa tisa,
wateja wa saa kumi na mbili niwape nini, daftari?

Hayo yote nimeyapanga upande mmoja wa mizani.
Mia na thelathini na tatu, siku za jiko kujilipa,
nikaziweka upande wa pili.
Mizani ikacheza, ikacheza, haikutulia.

Alhamisi nikarudi dukani.
"Mpira wa kifuniko ukichoka?"
Kijana akajikuna shingo. "Tutaagiza Dar, mama."
Nikacheka mpaka akaona aibu.
Vitu nilivyoagiza Dar na sijavipata
vingejaza duka lake.

Nikafungua pindo.

Jiko la mkaa sikuligawa. Liko chini ya benchi, limepakwa udongo upya,
na Shemdoe bado namchukulia kopo moja kila Ijumaa,
hata nisipolihitaji.
Mkoromo wa Tunu sijauweka katika hesabu.
Sikujua niuandike kwa kilo au kwa kopo.