Jumamosi ya Kutopanda

Alhamisi usiku mvua ilinyesha Bohemia.
Jumamosi jua lilitoka limenawa uso,
nami nikashuka treni ya saa moja na dakika tisa,
kamba mpya begani, bado inanuka duka,
miaka miwili ya kuta za plastiki kule Brno
ikiniwasha vidoleni.

Zdenka alinisubiri penye daraja la mbao.
Miaka thelathini na minne aliongoza ishara za reli,
na bado huitazama dunia hivyo:
nyekundu kwanza, kijani baadaye.
Hakuniuliza habari za safari.
Alipiga magoti chini ya mnara wa mwamba,
akachimba kwa kidole hadi kifundo cha pili,
akaninyooshea. "Shika."
Mchanga ukanigandia kama unga ulioonja maji.

"Juu pamekauka," nilisema.
"Juu panakudanganya.
Jiwe hili ni mchanga ulioamua kukaa pamoja.
Mvua ikiingia, uamuzi hulegea."

Basi hatukupanda.
Au tulipanda kama mkulima apandavyo: kwa kuinama.

Fundo la nane, kwenye shina la msonobari.
Nikalifunga, akalifungua. Nikalifunga, akalifungua,
mpaka mikono ikalijua
kama ijuavyo vifungo vya koti gizani.
Kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo
tuliipitisha viganjani mita zote sitini.
"Lakini ni mpya," nilisema.
"Mpya ni neno la muuza duka."
Poda nyeupe ya mikono aliniambia niirudishe begini:
"Jasho ni lako. Usimwachie jiwe madoa."

Upande wa kaskazini kibao kilining'inia:
ndege anatamia, msipite hadi Julai.
Nilikuja kuchukua kozi;
kozi alikuwa kashachukua mwamba.

Saa sita wakaja vijana watatu na redio.
Zdenka aliwaeleza kwa upole. Mara moja tu.
Wa kwanza, kofia ngumu ikining'inia begini badala ya kichwani,
alifika kimo cha watu watatu,
kisha ikaja sauti, wala si kubwa,
kama mkate unaomeguliwa.

Kamba ikamdaka. Akacheka, mzima.
Kilichotua chini hakikucheka:
kipande kama sahani, ukingo wake mmoja
umelainishwa na vidole vya miaka tisini.
Babu yake Zdenka alishika hapo. Mama yake. Yeye.
Juu pakabaki manjano mbichi,
pengo la jino.

Wakazima redio.
Mmoja, Otmar, akauliza kama kuna gundi.
Zdenka alikiokota kile kipande,
akakilaza chini ya mnara, uso juu.
Hakumfokea mtu. Nilitamani angefoka.

Mchana tulibeba mawe kuziba njia iliyochimbwa na maji,
na Otmar akabeba, kimya, makubwa kuliko yetu.
Vichungi vya sigara kumi na saba. Karatasi ya chokoleti.
Soksi moja ya mtoto.

Wiki mbili baadaye kidole kilitoka kikavu.
"Mshipi?"
"Umekaza."
"Fundo?"
"Nane."
"Na langu?"
Nikaona haya. Sikuwa nimelitazama.
Nikalitazama.

Kamba ikitoka juu, nikaanza.
Jiwe lilikuwa baridi, lenye chembechembe,
halikunitaka wala halikunikataa.
Katikati mguu wa kushoto ukaanza kucheza kama cherehani,
na kilele, wallahi, nilikiona:
sanduku la chuma lenye daftari la majina.
Nikasema, "Nishushe."
Akanishusha, polepole, kama treni iingiayo stesheni,
wala hakuniuliza kwa nini.

Chini, viganja vyangu vilikuwa vimejaa mchanga.
Nikavikung'utia palepale, juu ya kile kipande,
nisije nikapanda treni na mwamba wa watu.