Kiza wa Mwanga

Nilizaliwa baada ya mapacha, Bukuru na Butoyi,
nikaitwa Kiza. Kwa Kiha, jambo jema.
Mwalimu wa darasa la kwanza, mgeni kutoka Tanga,
alilisoma jina langu kwenye daftari la mahudhurio
akatazama dirishani, kana kwamba jua limezama.
Sikumlaumu. Neno alilisoma sawasawa,
ila kwa lugha nyingine.

Sasa nina kibanda Mwanga (mtaa, si nuru),
nyuma ya duka la mawese:
kompyuta moja, feni moja,
kiti cha mteja chenye mguu wa kamba.
Nahariri harusi, vipaimara, maulidi,
na vikao vya ukoo ambamo kila mtu anataka aonekane mbele.

Jumanne Yasini akaniletea harusi ya kaka yake, Ujiji,
aliyoipiga kwa simu mpya,
simu aliyoitaja bei kabla hajanisalimu.
Kwenye simu: dhahabu, na hina mpaka viwikoni.
Kwenye kompyuta yangu: unga.
Bi harusi hana pua.
Kanzu za wazee zimeungana na ukuta wa chokaa,
kofia zinaelea juu ya uji.

"Mashine yako mbovu."
"Subiri."

Zamani ningefanya kosa la fundi mchanga,
kuushusha mwanga wote, shaa, kama mtu avutaye pazia,
weupe ukawa majivu ya juzi
na maharusi wakaonekana wametoka wodini.
Mtu akikusemesha lugha usiyoijua
hutamwelewa kwa kumwambia apunguze sauti.

Nikafungua sifa za faili.
Ipo, kwa herufi ndogo: HDR, biti kumi, rangi za uwanja mpana;
na mradi wangu ni ule wa kale, wa biti nane,
dari fupi kama banda la kuku.
Simu haikuunguza kitu. Iliweka kila kitu
juu ya dari, nisikofika.
Nikaiambia programu: isome kwa lugha yake,
ndipo unitafsirie.
Kisha nikaupinda ule mstari, taratibu,
begani tu, panapong'aa,
vivuli nisiviguse,
uso wa Mwavita kwanza.

Pua ikarudi.
Ikarudi mishono ya shela, ufa ukutani,
kamba ya kuanikia na kitenge kilichosahauliwa juu yake.
Kanzu zikaachana moja moja, kila moja na mikunjo yake,
zikafika saba.
Tulikuwa tumehesabu sita.

Yasini akasogea, kamba ya kiti ikalia.
Wa saba amesimama konani peke yake,
viatu mkononi,
hajakaribishwa, hajafukuzwa.
"Huyu si baba yake Mwavita?"
Ujiji nzima ilisema hakuja.
Ilisema aliapa, tangu lile suala la kiwanja.
Sekunde nne, halafu simu inageukia keki.

Feni ikaendelea kuhesabu.
"Hapo umetia giza," akasema Yasini hatimaye.
"Ng'arisha kidogo. Harusi hii, bwana."
"Nimetia Kiza," nikamjibu, na hakuelewa,
au alielewa, maana alitazama mlangoni.

Sikung'arisha.

Ijumaa akaja Mwavita mwenyewe kuchukua flashi,
hina imeshaanza kuchujuka kuchani.
Akatazama bila neno, anatafuna karanga,
mpaka dakika ya kumi na moja.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha."
Karanga zikabaki kiganjani.
Mara ya tano akauliza kama inaweza kwenda polepole.
Inaweza, nikasema, lakini ni picha thelathini kwa sekunde,
mia na ishirini tu, zaidi ya hapo sina.

"Zinatosha," akasema,
akakivuta kile kiti kibovu, akakaa.