Wapangaji

Saa kumi na moja alfajiri, kiwanda cha maji, Barka.
Bahari inaingia kwa bomba linaloweza kumeza gari,
na kabla haijawa chai ya watu wa Maskati
inapita kwangu, tone moja,
chini ya kigae chembamba kuliko ukucha wa mtoto.

Nafumba jicho la kushoto.
Darubini huleta kilicho mbali.
Hadubini haileti kitu:
inakutoa wewe ulipo, ikakushusha.

Kwenye fomu naandika majina yao ya Kilatini,
kwenye simu nayasema Kiarabu,
lakini kabla ya fomu na simu nawaita
kama nilivyofundishwa kuita vitu jikoni kwetu,
kwa Kiswahili cha Mama, kilichohamia huku
ndani ya sanduku la bati pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.
Huyu wa duara, matundu matupu, ni Kung'uto.
Hawa walioshikana mstari mzima, Shanga.
Huyu wa pembe tatu, Nanga, ingawa hajawahi kushika chini.
Na yule arukaye kwa mshtuko,
masharubu marefu kama nyusi za Mhandisi Hilal,
huyo Chawa, na namwomba radhi,
hana kosa, ana njaa tu.

Wiki hii ya Februari upepo umekufa.
Maji yamekuwa mazito, kijani,
mchuzi wa mchicha uliosahauliwa sufuriani.
Biju, mwenzangu wa zamu, ananusa ndoo, anatikisa kichwa Kihindi,
ile ndiyo inayofanana na hapana.
Nachungulia.
Kunazi. Kunazi kila mahali,
laini, mviringo, kikonyo kimoja kinachotikisika,
na ndani ya kila kunazi vijidudu vya kijani, mamia,
wazima, wanaogelea,
kama watoto wa chuo waliofungiwa uani siku ya mvua.

Nabonyeza kihesabio. Sitini. Mia mbili. Kidole kinauma.
Ikivuka ule mstari mwekundu uliochorwa ukutani
lazima nipige simu: punguzeni pampu.
Kitu cha ukubwa wa chembe ya chumvi
kinasimamisha chuma cha mamilioni ya riali.

Usiku, pwani, wakiguswa huwaka buluu.
Kwangu hawawaki.
Taa ninayowaonea ndiyo inayowazima.

Ijumaa nilimleta Mama.
Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete, mtoto wa jicho ametolewa mara mbili.
Alivua miwani, akaivaa, akaivua,
akapiga bismillahi kama anayeingia nyumba ngeni.
Akainama. Kimya cha kuchemsha yai.

"Hao wadogo wa ndani. Wameliwa?"
Hapana, Mama. Wanaishi humo.
"Wapangaji?"
Wapangaji.
"Wanalipa nini?"
Wanapika kwa jua, wanampa mwenye nyumba chakula.
Hakuinua kichwa. Mkono wake ulishika ukingo wa meza
pale pale ambapo mimi hushika.
"Na yeye mwenye nyumba, miaka yote hiyo,
anawaita wenyewe au wageni?"

Fomu yangu ina safu kumi na mbili.
Joto. Chumvi. Oksijeni. Idadi kwa lita.
Nilizipitia zote kwa macho.

Jioni pampu zilikuwa bado nusu,
bomba la nyumbani likikohoa, likitema, likikohoa.
Mama alikinga birika kwa subira ya mtu
aliyewahi kupanga foleni ya mchele.
Chai ilipoiva akainyanyua glasi kwenye mwanga wa dirisha,
akafumba jicho la kushoto,
akaitazama sana.

"Humu hamna mtu," akasema,
na akatia sukari vijiko viwili
ambavyo daktari alishamkataza.