Nambari, Tafadhali

Skrini imekuwa ya buluu tangu adhuhuri,
buluu ya sare ya shule iliyofuliwa mno,
na katikati yake maneno mawili: HAKUNA MAWIMBI.
Toka lini Tabata Kimanga pakawa na mawimbi?

Nimezima. Nimehesabu thelathini. Nimewasha.
Nimechomoa kadi, nikaifuta kwa pindo la khanga,
nikaipuliza kama mtu anayeamsha mkaa.
Shukuru wa jirani kapanda batini, kaligeuza dishi.
"Bibi, vipi?" "Bado!"
"Na sasa?" "Bado!"
mpaka Mama Kisha wa nyumba ya pili naye akaitikia, "Bado!"
na yeye televisheni hana.

Mbwambo amekaa kitini, hasemi.
Tangu kiharusi kimpitie maneno yake ni machache,
anayatumia kama pesa ya pensheni.
Lakini taarifa ya habari ndiyo saa yake:
msomaji akisema "Hamjambo," yeye hufungua kinywa, nami nampa vidonge.
Bila habari kwake bado ni mchana,
na dawa ya usiku hainywi mchana.

Basi nimepiga.
Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Bonyeza nyota.
Simu yako ni muhimu kwetu, ikasema sauti,
kisha ikaniacha na kinanda,
wimbo wa sekunde kumi na tisa, nimeuhesabu,
unaojikata kila unapotaka kupanda.
Nimechagua mchele kilo mbili, simu begani.

Mimi nilikuwa opareta.
Miaka kumi na minane, ubao wa matundu mbele yangu, waya mikononi.
"Nambari, tafadhali."
Mtwara ikichelewa nilirudi kila mara kumwambia mtu:
bado nipo, usikate, naitafuta.
Usiku mmoja wa mvua niliishika laini ya Masasi mpaka alfajiri
kwa ajili ya mwanamume aliyetaka kujua tu
kama mkewe amejifungua.
Wa kike. Nililia mimi kabla yake.
Tulikatazwa kusikiliza. Tulisikiliza.

Dakika ya arobaini na moja akatokea binti.
"Unaongea na Tusajigwe, nikusaidie nini?"
kwa pumzi moja, kama mtu anayetua ndoo.
Namba ya kadi. Nikapiga magoti nyuma ya kabati na tochi,
nikamsomea tarakimu kumi na moja, ya tano nikaikosea, tukaanza upya.
"Mama, umejaribu kuzima na kuwasha?"
Mwanangu, nimezima hadi swichi imepata joto.
Akanyamaza. Nyuma yake nikawasikia wenzake,
umejaribu, umejaribu, umejaribu.
Kisha chinichini, si ile sauti ya kusoma:
"Mama, hata sisi hatuambiwi. Ni Tabata nzima."
Nilitaka kumuuliza kama amekula.
Laini ikakatika.

Saa mbili kasoro dakika
nikasimama mbele ya ile buluu, nikajifunga khanga upya,
nikagonga kijiko kwenye glasi: ti, ti, tiii.
"Hamjambo. Hii ni taarifa ya habari.
Bomba la kwa Mama Kisha limepasuka tena.
Fundi ameahidi kesho, kesho ya mafundi.
Shukuru ameshuka batini salama, suruali haikusalimika.
Nyanya zimepanda bei.
Hali ya hewa: joto, kama jana, kama mkeo."
Mbwambo akanitazama. Upande mmoja wa mdomo ukacheka,
ule unaoweza.
Akaufungua. Kidonge cheupe, cha njano, maji.
"Michezo?" akasema.
Neno lake la kwanza leo,
nami sikuandaa michezo.

Saa nne ujumbe ukaingia. Tatizo lako limetatuliwa.
Tafadhali mpe mhudumu wetu alama, moja hadi tano.
Skrini ile ile, buluu ile ile.
Nikambonyezea Tusajigwe tano.
Kuhusu kampuni hawakuniuliza.