Kamba ya Mafundo Ishirini na Mawili

Kamba yangu ni ya katani. Huku Handeni
hatununui kamba, tunasokota.
Ina mafundo ishirini na mawili, kila fundo dhiraa,
na mwishoni nimefunga kipande cha jiwe la kusagia
la marehemu mama mkwe. Huzama bila neno,
kama yeye alipokasirika.

Kila Jumamosi nalishusha kisimani,
nasikiliza, napandisha,
nahesabu hadi fundo la mwisho lililobaki kavu,
naandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu,
penye nafasi.

Juni: kumi na nne.
Agosti: kumi na saba.
Oktoba jiwe liligonga chini
likarudi na vumbi.
Sikuandika namba. Niliandika: *ko*.

Mto Msambi wakati huo ulikuwa barabara.
Pikipiki zilipita chini ya daraja,
na daraja limekaa juu
kama kofia ya mtu aliyehama.
Watoto wetu ukiwaambia "mtoni"
wanatafuta mpira.
Sekibojo alichota mchanga, lori kwa lori,
wala hakuna aliyemwambia
kwamba anauza kitanda mgonjwa akiwa bado amelala.

Maji yalikuwepo. Yalikuwa juu, bwawani,
nyuma ya ukuta, yanameremeta kwa wenye mpunga.
Tulikwenda vikao vitatu.
Wao walisema: maji yetu.
Sisi wa chini tulisema: mto,
na neno lenyewe lilitukauka mdomoni.
Mwisho tukapewa siku kumi na moja,
lango moja, nusu wazi.

Semkiwa, mlinzi wa lango, alinipigia simu alfajiri:
"Mama Nyange, nazungusha usukani. Sikia."
Nikasikia chuma kikikohoa,
kisha mngurumo, kisha salio lake likaisha.

Tukashuka na madumu. Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili tukapika hukohuko.
Siku ya tano maji yakafika konani kwa Mgaya:
ulimi wa kahawia, povu, makapi,
kandambili moja mbele kama mwenyekiti.
Na pale, tukiwa tumesimama,
yakaingia mchangani.
Hayakurudi, hayakutuama.
Yaliingia, basi,
kama mwenye nyumba aliyetoka safari
asiyehitaji kubisha hodi.

Kila siku yalikuja, kila siku yaliingia palepale
au hatua kumi mbele.
Siku ya kumi na moja lango likafungwa.
Madumu yakapanda kijijini yakigongana, matupu.

"Yamemwagwa," walisema.
Wenye mpunga waliapa hawatatoa tena hata kikombe.
Mwanangu akauliza: Mama, mchanga unakunywa mpaka lini?
Nikamjibu, nami sina hakika,
kwamba deni la miaka tisa
hulilipi asubuhi ukadai chenji jioni.

Jumamosi ya kwanza: *ko*.
Ya pili: *ko*.
Ya tatu sikwenda. Nilikuwa na homa,
au niseme ukweli, nilikuwa na aibu.

Ya nne nilikwenda mapema, kabla ya macho ya watu.
Jiwe likashuka. Nikangoja mgongano.

*Chubwi.*

Nikashusha tena, nisije nikawa nimejisikia mwenyewe.
*Chubwi.*
Fundo la mwisho kavu: la kumi na tisa.
Mawili yalikuwa yamelowa,
yananuka udongo mpya, yananuka kutu, yananuka mvua
iliyonyesha mahali pengine mwaka jana.

Maji hayakupita darajani.
Yalipita chini yake, gizani, polepole,
yakijaza kila tundu la njiani
kabla ya kukumbuka kisima changu.

Sikupiga kelele. Dhiraa mbili si mto.
Niliandika *chubwi*, halafu namba, halafu tarehe,
nikamtumia Semkiwa ujumbe: Lini tena?

Nikaanika kamba uani.
Ilidondosha matone,
na kuku wa jirani, asiyejua vikao,
akaja akainua shingo,
akanywa moja moja.