Mwiko

Sanduku langu la bati,
kufuli mbili, mashati
mawili, kalamu, cheti,
likaingia bwenini.

Kitanda cha tisa, juu,
Bweni la Mkarafuu,
chandarua, na miguu
ikitokeza pembeni.

Kengele. Ndoo za maji,
vita vya wana wa mji
na wa Voi, wabishaji,
kwa kipande cha sabuni.

Karo ya Shanzu, sikia,
jirani wangezimia;
robo tuliyolipia
ilitokea jikoni.

Mzee Baya, mpishi,
miaka kumi ya moshi
kifuani, na ubishi
wa kila siku na kuni.

Aliniambia, “Mwiko
kuniita baba huko.
Mimi nitashika mwiko,
wewe kalamu. Amani.”

Nilifurahi. Niseme
kweli yote, nisiume
maneno: mtoto mume
huwa na haya usoni.

Hapo nikaona mambo:
piano iliyo kombo,
maabara, hata tumbo
la panzi hadubinini.

Kuogelea, kwa haki,
mwana Mombasa, sicheki,
alinifunza Munyoki
wa Kitui, kidimbwini.

Mdahalo Ijumaa,
nikasimama, balaa,
Kiingereza chajaa
kama mate mdomoni.

Wa Kizingo ni Twaibu,
babake ana karibu
malori mia, kwa tabu
yakienea yadini.

Maharage yenye mawe.
Twaibu kamaka: “Wewe
mzee, ndo nivunjiwe
meno yangu? Huyaoni?”

Meza nzima ikacheka.
Kicheko changu karuka
juu mno, kikafika
hadi kwake sikioni.

Hakunitazama. Kesho
yake, miwani na jasho,
gunia mwanzo na mwisho
akalichambua chini.

Muhula wa tatu. Hema,
viti vyeupe, na mama
wa manukato. Kusema
kwanituza hadharani.

Mkuu wa shule: “Mzazi
asimame kwa pongezi.”
Shingo za watu azizi
zikazunguka vitini.

Jikoni pilau, vyungu
vikivuma; baba yangu
akipepea ukungu
wa mvuke dirishani.

Ningesema, “Yule pale.”
Neno mbili. Bingwa yule
wa mdahalo wa shule
kasema: “Yu safarini.”

Wakapiga kofi, basi.
Kisha chakula. Nafasi
yangu ikaja upesi
kwa baba, kwenye foleni.

Nyama moja, kama wote.
Kiazi kimoja. Kote
nilitafuta chochote,
hata hasira, machoni.

“Hongera, bwana,” kanena
kama kwa mgeni. Tena,
kwa sauti ya bayana:
“Anayefuata, nani?”

Nyuma yangu ni Twaibu,
kapokea kwa adabu:
“Asante, baba.” Aibu
ikanipanda kooni.

Usiku nikamkuta,
sufuria ya mafuta
kaiinamia. Kuta
nyeusi, taa darini.

“Baba,” nikasema. Neno
la pili lang'ata meno.
Akasogeza mkono
kunipa nafasi chini.

“Tambara,” akanambia,
“bado moto, angalia.”
Tukasugua; nalia,
au ni moshi wa kuni?