Mabuti, Soko la Sabasaba

Nimekuja saa kumi na moja, miguu ishavimba,
maana buti lililokuenea asubuhi
jioni linakukana.

Ndahani ananisukumia jeusi, linang'aa kama gari la harusi.
"Hili la kibosi."
Nalikunja: halikunjiki.
Nalirudisha kwenye turubai.

Mwaka jana nilivaa la kibosi hadi Swagaswaga.
Kufika kilima cha pili, kisigino kilikuwa nyama tupu,
na pofu tuliyemfuata tangu alfajiri
akasikia ninavyochechemea, akaenda zake.
Masinjisa, na katambuga zake za tairi,
hakusema kitu. Alinipokea bunduki tu.
Hilo ndilo lililouma.

Nataka hili la kahawia, lililokwaruzika.
Soksi mbili. Kidole kinapenya nyuma ya kisigino, kimoja, basi.
Shingo yake inashika kifundo
kama mtu anayekuvusha korongo
akijua hupendi kushikwa.
Napanda rundo la matofali kando ya choo cha soko,
nashuka kwa mbele: vidole havigongi ukuta.
Naweka chini mwiba wa mgunga
niliokuja nao mfukoni. Nakanyaga.
Kimya.

"Kaka," Ndahani anacheka, "unanunua au unaoa?"

Soli ya kushoto imelika upande.
Aliyelivaa kwanza naye alikuwa na mlima wake.

Arobaini, anasema. Thelathini na mbili, nasema,
noti zimekunjwa pamoja na kibali cha msimu.

Narudi Nkuhungu kwa miguu, sijayavua,
kila penye lami
nikiiacha, nikifuata kokoto.